Je, Penelope alimjua yule mwombaji?

"Ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari. Mwaka huu wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanaigiza sehemu ya mwisho ya Odisei, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, tangu Odysseus anapofika kisiwani kwake Ithaca kwa sura ya mwombaji hadi anapotambuliwa na mkewe na baba yake. Tumekwama. Binti anayeigiza Penelope anataka kujua kama usiku ule wa kuoshwa miguu anajua au hajui kwamba anayezungumza naye ni mumewe, kwa sababu anasema hawezi kucheza yote mawili. Wenzake wanacheka: mke gani asiyemjua mumewe hata kwa sauti? Mimi mwenyewe kinachonikera ni lile la baba. Waposaji, wale wanaume waliotaka kumwoa Penelope, wamekwisha kuuawa, hatari imepita, na bado Odysseus anamdanganya mzee Laertes mpaka mzee anajimwagia vumbi kichwani. Je, kujificha huku kuna mantiki, au ni mchezo wa mtunzi tu?"

Mwalimu, mwambie kwanza binti huyo kwamba swali lake lina umri wa karibu miaka 2,000. Katika karne ya kwanza Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliwadhihaki katika barua yake moja wasomi waliopoteza muda kuuliza kama Penelope alimshuku mgeni wake kabla ya kumjua. Dhihaka hiyo haikumnyamazisha mtu. Mwaka 1950 Mmarekani Philip Harsh alitetea katika makala yake kwamba Penelope alikwisha kumhisi mumewe usiku ule, na tangu hapo wataalamu wa Kigiriki hawajaafikiana. Kwa hiyo nitakupa maoni yangu, lakini nitakuonyesha pia mahali yanapoweza kupingwa. Ninavyokuelewa, unataka kujua mambo mawili, yaani mke alijua nini na kwa nini baba alidanganywa, na yote mawili yanategemea jambo ambalo hukuliuliza waziwazi: katika utenzi huu, kumtambua mtu ni kufanya nini hasa?

Nianze na wale wanaocheka, maana kicheko chao kina hoja. Wengi hudhani kwamba Odysseus alijitupia matambara begani tu na watu wote wakapotea. Utenzi hausemi hivyo. Katika kitabu cha 13 Athena, mungu wa kike anayemsaidia, anamgusa kwa fimbo, anainyausha ngozi yake, anaziondoa nywele kichwani, anayafifisha macho yaliyokuwa mazuri, na ndipo anamvika nguo chakavu zilizoingia moshi, ngozi kuukuu ya kulungu iliyokwisha manyoya, na mkoba uliotobokatoboka. Anayeingia Ithaca si mtu aliyevaa nguo za mzee, bali ni mtu aliyefanywa mzee. Hata hivyo mtunzi hakuridhika na jibu hilo jepesi, na wanafunzi wako watafurahi kusikia kwamba hoja yao imo ndani ya utenzi wenyewe. Katika kitabu cha 19 yaya Eurycleia, kabla hajaugusa mguu wa mgeni, anamwambia kwamba wageni wengi waliotaabika wamepita katika nyumba hiyo, lakini hajapata kumwona aliyefanana na Odysseus kama yeye, kwa umbo, kwa sauti na kwa miguu. Kwa sauti, mwalimu! Naye Odysseus habaabaiki. Anajibu kwamba kila aliyewaona wote wawili kwa macho yake husema hivyohivyo. Hapo uchawi wa Athena umeachwa kando kimyakimya, na kinachoendelea kumficha mtu huyu ni ulimi wake.

Ulimi huo, na cheo chake cha mwombaji. Mtu anayeketi kizingitini akinyoosha mkono haangaliwi usoni. Katika kitabu cha 17 Odysseus anawazungukia waposaji mmoja mmoja akiomba mkate, kama mtu aliyezoea kazi hiyo tangu zamani, kusudi ajue nani ana haki na nani hana. Antinous, mmoja wao, anamrushia kigoda kinachompiga bega la kulia, naye anasimama imara kama mwamba, anatikisa kichwa na kunyamaza. Neno la Kigiriki linalotumika kumwita mtu huyu tena na tena ni xenos. Watafsiri wa Ulaya hutaabika nalo, kwa sababu lugha zao nyingi huwalazimisha kuchagua kati ya mtu asiyefahamika na mtu aliyekaribishwa. Sisi hatuna taabu hiyo: xenos ni mgeni, na neno letu linabeba maana zote mbili bila kujikaza. Yote yanayotokea katika vitabu vile 12 vya mwisho yanasimama juu ya neno hilo. Mchunga nguruwe Eumaeus, ambaye hana mali, anamkalisha mgeni juu ya ngozi ya mbuzi mwitu anayoilalia mwenyewe, anachinja nguruwe wawili wadogo, na kusema kwamba wageni na waombaji wote hutoka kwa Zeus, mkuu wa miungu. Hata miongoni mwa waposaji wapo wanaomkemea Antinous kwa kile kigoda, wakimkumbusha kwamba miungu huzunguka mijini kwa sura za wageni ili kuona uovu na uadilifu wa watu. Kwa msikilizaji wa zama zile, basi, matambara ya mwombaji yalikuwa vazi ambalo hata mungu angeweza kulivaa, na ndiyo sababu lilitisha.

Kwa nini alijificha tangu mwanzo? Jibu lake ni fupi. Waposaji walikuwa 108 kwa hesabu anayoitoa Telemachus, mwana wa Odysseus, katika kitabu cha 16: 52 kutoka Dulichium, 24 kutoka Same, 20 kutoka Zacynthus, na 12 wa Ithaca kwenyewe. Agamemnon, aliyewaongoza Wagiriki vitani, alirudi kutoka Troy waziwazi akauawa karamuni, na kivuli chake kilimwonya Odysseus kuzimu afikishe jahazi lake nyumbani kwa siri. Mtu mmoja dhidi ya 108 hatangazi jina lake mlangoni.

Isitoshe, alikwisha kulipia kosa la kulitangaza. Unakumbuka pango la Polyphemus, lile jitu lenye jicho moja. Odysseus anajiita Outis, yaani "si mtu yeyote", na Kiswahili kinaupokea mchezo huu wa maneno vizuri ajabu tukimwita Hakuna. Jitu linapopiga kelele kwamba "Hakuna ananiua kwa hila!", majirani zake wanajibu kwamba ikiwa hakuna anayemdhuru, basi hayo ni maradhi kutoka kwa Zeus, amwombe baba yake Poseidon, mungu wa bahari, kisha wanarudi kulala. Jina la uongo limemwokoa. Lakini jahazi linapokwisha kuacha pwani, Odysseus anashindwa kujizuia, anapaza sauti na kutaja jina lake, jina la baba yake na kisiwa chake. Sasa jitu lina jina la kulilaani, na linamwomba Poseidon kwamba kama ni lazima mtu huyo afike kwake, basi afike amechelewa, peke yake, katika jahazi la wengine, na akute matatizo nyumbani. Kila neno la laana hiyo linatimia. Anayetua Ithaca ni yule Hakuna wa pangoni, safari hii kwa makini zaidi. Hata Athena anapomjia ufukweni kwa sura ya kijana mchungaji, Odysseus anamtungia hadithi ndefu kwamba yeye ni mkimbizi kutoka Krete aliyeua mtu, na mungu huyo wa kike anatabasamu na kumpapasa kwa mkono, akimwambia kwamba lazima awe mjanja kweli anayetaka kumpita kwa hila. Watu wa dini zetu husita hapo. Ni kweli kwamba uongo huu unasifiwa na mungu, nami sioni faida ya kulificha hilo mbele ya wanafunzi.

Sasa tufike kwenye kiini. Tunapozungumzia kumtambua mtu, sisi tuliozoea picha na vitambulisho hufikiria uso. Katika Odisei uso hauthibitishi kitu, kwa kuwa mungu yeyote aweza kuuvaa: Athena peke yake anaonekana kama Mentes, kama Mentor, kama binti mdogo aliyebeba mtungi. Kinachothibitisha ni sema, yaani ishara, na ishara ya kweli ni ile ambayo watu wawili waliijenga pamoja na wa tatu haijui. Ndiyo maana kila mmoja katika nyumba ile anamtambua Odysseus kwa njia yake. Telemachus alikuwa mtoto mchanga baba yake alipoondoka. Hana kumbukumbu yoyote, kwa hiyo hakuna ishara inayoweza kumsaidia, na baba anaweza tu kumwambia kwamba hatakuja Odysseus mwingine hapa. Yule kijana anaamini neno tupu, na ukilitazama vizuri, hilo ni jambo zito kuliko kovu.

Mbwa Argos haombi hata neno. Odysseus alimlea mwenyewe kabla ya kwenda Troy, na sasa yupo mbele ya lango juu ya lundo la samadi ya nyumbu na ng'ombe, amejaa kupe, hana wa kumtunza. Anamsikia bwana wake akizungumza na Eumaeus, anatikisa mkia, analaza masikio yote mawili, lakini hana nguvu tena ya kumsogelea. Odysseus hawezi kumwinamia, maana mwombaji gani analia kwa ajili ya mbwa wa watu? Anageuza uso, anafuta chozi Eumaeus asione, na kumuuliza mchungaji swali la kawaida kabisa: mbwa huyu alikuwa na mbio, au alikuwa wa kupamba meza tu? Kisha Eumaeus anaingia ndani, na Argos anakufa palepale, baada ya kumwona bwana wake katika mwaka wa 20. Nimelisoma fungu hilo darasani mara nyingi, na kila mara kuna mwanafunzi anayenyamaza kwa namna ya pekee. Ukitaka kuwafundisha vijana wako jinsi kujificha kunavyomgharimu anayejificha, wafundishe hapo kabla ya kugusa kitabu cha 19.

Niseme kidogo juu ya Iliadi, utenzi mwingine wa Homer, ule wa vita vya Troy, maana waigizaji huchanganya tenzi hizi mbili. Huko kujigeuza ni kwa vita na ni kwa muda mfupi. Patroclus anavaa silaha za rafiki yake shujaa Achilles, na Watroy wanatetemeka wakidhani Achilles mwenyewe ametoka. Lakini ule mkuki wa mti wa mlima Pelion hauchukui, kwa kuwa Achilles peke yake ndiye awezaye kuutumia. Tayari unaona kanuni ileile: vazi huazimwa, ila kuna kitu kimoja kisichoazimika. Katika Odisei kitu hicho ni upinde wa Odysseus, ambao waposaji wanashindwa kuutia ugwe.

Turudi kwa binti yako na usiku ule. Mpange jukwaani kama mtunzi alivyopanga. Waposaji wamekwenda zao kulala, vijakazi wanasafisha meza, Penelope ameketi karibu na moto juu ya kiti kilichonakshiwa kwa pembe na fedha, na mgeni anawekewa kiti chenye ngozi ya kondoo ili wazungumze. Mgeni anadai kuwa yeye ni Aethon wa Krete, mjukuu wa mfalme Minos, na kwamba aliwahi kumkaribisha Odysseus nyumbani kwake. Penelope analia, na mtunzi anasema machozi yake yalitiririka kama theluji inayoyeyuka milimani, akimlilia mume aliyeketi kando yake. Naye Odysseus macho yake yametulia kama pembe au chuma ndani ya kope. Kisha mwanamke huyu anafuta machozi na kufanya jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: anamjaribu. Anauliza, Odysseus alivaa nini? Mgeni anamtajia joho la zambarau lililokunjwa mara mbili, kifungo cha dhahabu chenye sura ya mbwa aliyemkamata mtoto wa paa, na kanzu iliyong'aa kama ganda la kitunguu kikavu. Penelope analia zaidi, kwa sababu nguo hizo alizitoa yeye kwa mikono yake. Ishara ni ya kweli. Ila inathibitisha tu kwamba mgeni alimwona Odysseus.

Ndipo anapomwamuru Eurycleia amwoshe miguu, na hapa kuna mshororo ambao binti yako anapaswa kuujua. Kwa Kigiriki neno la "bwana wako" linatangulia, na neno la "mtu wa rika lake" linafuata. Kwa hiyo kwa pumzi moja msikilizaji anasikia "mwoshe wa bwana wako..." na kungoja "miguu"; kinachokuja ni "rika". Kiswahili chetu kinataka kusema "mtu wa rika la bwana wako", na mchezo huo unapotea. Na Penelope anaongeza kwamba huenda miguu na mikono ya Odysseus nayo imekuwa hivi sasa, maana watu huzeeka upesi katika taabu.

Yaliyofuata unayajua. Mgeni anakumbuka kovu, analigeuzia giza uso na kuupa moto mgongo, lakini amechelewa. Yaya analipapasa kovu la nguruwe mwitu wa Parnassus, mtunzi anasimama kwa mishororo zaidi ya 70 kutuhadithia lile windo na jinsi babu yake Autolycus alivyompa jina, na ndipo mguu unaporomoka, beseni la shaba linalia, linalala upande, maji yanamwagika sakafuni. Odysseus anamkaba yaya koo kwa mkono wa kulia na kumvuta karibu kwa mkono wa kushoto: mama, kwa nini unataka kuniangamiza, nawe ulinilea kwenye titi lako? Aristotle aliusifu utambuzi huu kuliko ule wa wachungaji, ambao Odysseus anawafunulia kovu mwenyewe kama mtu anayetoa hati, kwa sababu hapa ukweli unatoka kwa ghafla ndani ya tukio. Waambie vijana wako wasiicheze kwa upole. Na beseni liwe la chuma kweli, walisikie hadhira.

Je, Penelope aliyeketi hatua chache tu kutoka hapo? Mtunzi anasema Eurycleia alimtazama akitaka kumwonyesha, lakini Athena aliigeuza akili ya Penelope asione. Erich Auerbach, Myahudi wa Kijerumani aliyeandika akiwa mkimbizi Istanbul, alikifungua kitabu chake cha mwaka 1946 kwa tukio hili akidai kwamba kwa Homer kila kitu kimewekwa mbele kwenye mwanga na hakuna kilichojificha nyuma. Kuhusu kovu, nakubaliana naye. Kuhusu Penelope, hapana. Yeye ndiye giza la kitabu hiki.

Wanaosema alijua wana hoja nzito. Baada ya kuoshwa miguu anamweleza mgeni ndoto ya bata bukini wake 20 waliouawa na tai anayejitambulisha kuwa mumewe, kisha usiku uleule anaamua kwamba kesho ataweka shindano la upinde na mashoka 12, na atakayeshinda amwoe. Kwa nini kesho, ikiwa amesikia tu kwamba mumewe yu njiani? Na katika kitabu cha 24 kivuli cha Amphimedon, mmoja wa waposaji waliouawa, kinasema huko kuzimu kwamba Odysseus ndiye aliyemwagiza mkewe kuweka upinde. Lakini huyo marehemu anakisia. Hakuwapo usiku ule. Na shindano lina sababu yake: Odysseus alipoondoka alimwambia mkewe kwamba mtoto akiota ndevu aolewe na amtakaye, na Telemachus sasa ana ndevu. Mwanamke huyu amekwisha fikishwa ukingoni.

Kinachonishawishi zaidi ni kitabu cha 23. Waposaji wamekufa, Eurycleia anacheka kwa furaha, Telemachus anamlaumu mama yake kwamba moyo wake ni mgumu kuliko jiwe. Penelope anajibu kwa utulivu kwamba ikiwa kweli huyu ni Odysseus, wao wawili watajuana vizuri zaidi, kwa kuwa wana ishara zao zilizofichwa kwa wengine. Kisha anamwagiza yaya akitoe kitanda nje ya chumba. Odysseus, aliyevumilia kigoda, mateke na matusi bila kujifichua, anaripuka: nani amekihamisha kitanda changu? Nguzo yake ni shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Alijenga chumba kuuzunguka. Kwa hasira hiyo anajitoa mwenyewe, na ndipo magoti ya mkewe yanapolegea. Anamwambia kwamba siku zote moyo wake uliogopa asije mtu akamdanganya kwa maneno. Kama alikwisha kujua tangu usiku wa kuoshwa miguu, mtihani huu ni kiini macho na hofu hiyo ni uongo. Mimi sitaki kumpokonya Penelope mtihani wake. Ndipo mahali pekee ambapo mjanja huyo anapatikana.

Kwa hiyo, kwa binti yako: hajui. Lakini asicheze kutojua kama upofu. Acheze kama mwanamke ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka mingi amepata mtu wa kuzungumza naye usiku, anajikuta anamwambia ndoto yake, na hataki kujiuliza kwa nini. Mkiamua kinyume, kwamba anajua, mchezo utasimama pia, na utakuwa na mvuto wa namna nyingine, watu wawili wakisemezana kwa mafumbo mbele ya vijakazi. Ila mtalazimika kukiigiza kitabu cha 23 kama mzaha wa mapenzi, na hasira ya kitanda itapoteza makali. Njia isiyofaa ni kumfanya ajue hapa na asijue pale kadiri hadhira inavyopenda.

Kuna mawili ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kuhusu ule mshororo wa kuoshwa miguu, mtafute mtu asome Kigiriki mbele yenu kwa sauti. Katika vyuo vya theolojia hakosekani aliyesoma Kigiriki cha Agano Jipya. Kigiriki cha Homer ni cha karne nyingi kabla na kitamsumbua kidogo, lakini mpangilio wa maneno ataweza kuwaonyesha, na robo saa hiyo itampa binti yako zaidi ya ukurasa huu. La pili ni la nyumbani. Kabla ya kugawa sehemu ya Telemachus au ya Laertes, zungumza faraghani na kijana unayemfikiria. Wapo watoto ambao baba zao walikwenda na hawakurudi, na mshauri wa shule yenu anapaswa kujua mnachokiigiza.

Sasa baba. Umesema hatari imepita. Haijapita kabisa, kwa sababu ndugu wa waposaji wanakuja kulipiza kisasi, lakini nakubali kwamba si sababu ya uongo ule. Walikuwapo wahariri wa kale wa Alexandria walioona kwamba utenzi unapaswa kuishia Odysseus na Penelope wanapopanda kitandani, na msomaji anayechukizwa na kitabu cha 24 yumo katika safari yao. Wengine husema Odysseus anamtania baba ili kumtoa taratibu katika huzuni, kama mtu anayetumbua jipu. Wengine husema ni ukatili tu. Mimi naona mazoea. Mtu aliyeishi kwa jina la uongo kwa muda mrefu namna ile hawezi kulivua kwa siku moja. Anamwona baba yake, anasimama chini ya mpea na kulia, anawaza amkumbatie au amjaribu, na mdomo unachagua kazi uliyoizoea. Anajiita Eperitus wa Alybas.

Lakini mtazame mzee mwenyewe. Laertes, aliyekuwa mfalme, yuko peke yake shambani akipalilia shina, amevaa kanzu chafu yenye viraka, ngozi za ng'ombe zimefungwa miguuni asichunwe na miiba, glovu mikononi, kofia ya ngozi ya mbuzi kichwani. Odysseus anamwambia kwamba shamba limetunzwa vizuri kuliko mtunzaji, na kwamba umbo na kimo chake si vya mtumwa bali vya mfalme. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye anayemwona mtu ndani ya matambara. Katika mandhari ile waliojificha ni wawili: mwana amejificha nyuma ya jina, baba nyuma ya vazi la mtumwa alilojivika kwa huzuni bila msaada wa mungu yeyote. Uongo wa mwana unadumu mpaka mzee anapochota vumbi kwa mikono miwili na kulimwaga juu ya mvi zake. Hapo Odysseus anahisi uchungu mkali ukipenya puani, anaruka na kumkumbatia. Ni mimi, baba.

Na baba, kama wote wa ukoo ule, anaomba ishara. Odysseus anaonyesha kovu, lakini hakomei hapo, kwa kuwa kovu kila mtu amekwisha kulitumia. Anamkumbusha jinsi alivyokuwa mtoto akimfuata nyuma shambani na kuuliza jina la kila mti, na baba akimtajia na kumpa: mipea 13, mitufaha 10, mitini 40, na safu 50 za mizabibu alizomwahidi. Kijana wako aihesabu miti hiyo polepole, akiionyesha kwa kidole kana kwamba iko pale ukumbini, na yule anayecheza Laertes asiinue macho mpaka ifike zamu ya mitini.